Plutoni, Iridi na Mlima Mweusi wa Lubumbashi

Tarehe 21 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zikiwa mbioni kukamilisha hati za Muungano ambazo Mwalimu Nyerere na Mzee Karume wangezitia saini kesho yake, roketi moja ya Marekani iliruka kutoka California ikiwa na setilaiti ya jeshi la wanamaji. Setilaiti hiyo haikufika ilikotumwa. Roketi ilikosa kasi ya kuiweka kwenye njia yake ya kuizunguka dunia, ikaporomoka na kuungua juu kabisa angani, juu ya Bahari ya Hindi, kusini mwa ikweta. Ndani ya setilaiti mlikuwa na mtambo mdogo wa umeme ulioitwa SNAP-9A, na ndani ya mtambo huo mlikuwa na karibu kilo 1 ya plutoni-238.

Mtambo haukufanya kosa. Waliousanifu walikusudia kwamba ajali ikitokea, mafuta yake yaungue na kusambaa huko juu yawe vumbi jembamba, yasishuke yakiwa kipande kizima kwenye shamba la mtu. Vumbi likasambaa. Katika miaka iliyofuata wanasayansi walilikuta kwenye sampuli za hewa na udongo wa mabara mbalimbali, zaidi upande wa kusini wa dunia. Likilinganishwa na plutoni yote iliyomwagwa na majaribio ya mabomu ya enzi ile, lilikuwa kidogo. Lakini uamuzi wa kulifanya anga la watu wote kuwa jalala la ajali ulipitishwa bila kumuuliza mtu yeyote wa Mtwara, Pemba wala Antananarivo.

Kisa hiki ni nadra kusikika Afrika Mashariki, na hiyo ni hasara. Habari za safari za anga za mbali husimuliwa kama habari za roketi, wakati urefu wa safari huamuliwa na vitu ambavyo havipigwi picha: kaa gani limewekwa ndani, chungu gani kimelifunika, na metali gani zinaligeuza joto lake kuwa umeme. Ukivifuata vitu hivyo hadi vinakochimbwa, na hadi vinakoweza kuangukia, njia inarudi Afrika mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Bara ambalo madini yake yanapanda na mabaki yake yanaweza kushukia lina haki ya kuwa na neno barazani. Hadi sasa limekaa nje ya baraza, na kwa sehemu ni kwa sababu halijapiga hodi.

Swali la kwanza ambalo mtu huuliza ni jepesi: jua lipo, sola zipo, plutoni ya nini? Kwenye vijiji ambako taa, redio na chaji ya simu vyote vinategemea paneli moja juu ya bati, swali hilo ni halali kabisa. Jibu lake ni umbali. Ukilikimbia jua ukawa mbali mara mbili, mwanga hubaki robo. Kwenye sayari ya Mshtarii, iliyo mbali na jua zaidi ya mara tano kuliko dunia, mwanga ni sehemu 1 kati ya 27 ya huu wa kwetu. Kwenye Zohali ni kama sehemu 1 kati ya 90. Na chombo cha New Horizons kilipopita kando ya Pluto tarehe 14 Julai 2015, jua la huko halikufikisha hata sehemu 1 kati ya 1,000 ya hili linalochoma paa za Dodoma saa sita mchana. Paneli ya wati 300 ingetoa huko umeme usiotosha tochi ndogo.

Betri ya kawaida nayo huisha. Kinachotakiwa ni moto unaowaka miaka hamsini bila kuni.

Plutoni-238 ndiyo kaa hilo. Atomi zake huoza zenyewe taratibu, na katika kuoza hutoa joto: gramu moja hutoa karibu nusu wati, usiku na mchana, iwe kwenye baridi ya Zohali au kwenye jangwa la Mirihi. Inachukua miaka 87.7 ili nusu yake iwe imeisha. Isichanganywe na ndugu yake, plutoni-239, iliyotumika kwenye bomu la Nagasaki. Hii ya vyombo vya anga hailipuki kwa namna ile, na mionzi yake mikuu, chembe za alfa, huzuiwa hata na karatasi. Ubaya wake huanza ikisagika ikawa vumbi na vumbi likaingia mapafuni. Ndiyo maana wahandisi waliosoma taarifa za Aprili 1964 hawakuweza kulala wakasahau.

Jina lake lina mzunguko wa ajabu. Mwishoni mwa mwaka 1940, Glenn Seaborg na wenzake huko Berkeley, California, walipoipata plutoni kwa mara ya kwanza, aina waliyoipata ilikuwa hii hii ya 238. Waliipa jina la Pluto, iliyogunduliwa miaka kumi kabla. Zikapita miaka sabini na mitano, na plutoni ikakipa umeme chombo cha New Horizons hadi kwa wajina wake.

Joto peke yake, hata hivyo, halipeleki ujumbe nyumbani. Lazima ligeuzwe umeme, na hapo ndipo inapoingia elimu iliyokuwepo tangu mwaka 1821, pale Mjerumani Thomas Seebeck alipogundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti, ukapasha moto ncha moja na kuiacha nyingine baridi, kunatokea nguvu ya umeme. Jozi hiyo huitwa themokapo. Haina gurudumu, haina bomba, haina mafuta ya kulainisha, haina kitu cha kukatika. Mwaka 1954, Kenneth Jordan na John Birden wa maabara ya Mound, Ohio, waliunganisha mambo hayo mawili, kaa la mionzi na themokapo, na jenereta ya joto la mionzi ikazaliwa. Mwaka 1961 ikarushwa angani kwa mara ya kwanza.

Utendaji wake ungemchekesha fundi umeme yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Gari la Curiosity lililotua Mirihi Agosti 2012 limebeba mtambo wa kilo 45 wenye kilo 4.8 za mafuta ya plutoni. Mafuta hayo yalianza na joto la wati 2,000, na kutokana na hilo ulipatikana umeme wa wati 110 tu. Pasi ya umeme ya nyumbani hula mara tisa au kumi ya huo. Sehemu kubwa ya joto hupotea, ingawa nyingine hutumika kuzuia vifaa visigande usiku wa Mirihi. Bado, hakuna mashine nyingine iliyothibitika kuvumilia hivyo kwa miongo bila kuguswa na mkono wa fundi.

Ubora wa themokapo unategemea vitu vilivyomo. Za Curiosity zimetengenezwa kwa risasi, teluri, fedha, gerimani na antimoni. Za Voyager, vyombo viwili vilivyoondoka mwaka 1977, ni mchanganyiko wa silikoni na gerimani, uwezao kustahimili ncha ya moto inayokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Gerimani ni kitu kijivu kinachong'aa ambacho watu wengi hupita maishani bila kulisikia jina lake. Msomaji aliweke akilini, kwa maana litarudi.

Voyager ndiyo ushahidi mkubwa wa kazi ya vitu hivi. Kila chombo kilianza na wati 470 hivi kutoka kwenye jenereta tatu. Kila mwaka hupoteza karibu wati 4. Plutoni yenyewe bado ina zaidi ya thuluthi mbili ya joto lake la mwanzo, ila umeme umepungua kuliko joto, kwa kuwa themokapo nazo huchakaa. Kwa hiyo wahandisi huko California wanaishi kama familia yenye kibatari kimoja: kila mwaka wanaamua chumba kipi kikae gizani. Septemba 2024 walizima kifaa kimoja cha Voyager 2, Februari 2025 wakazima kingine cha Voyager 1, na Machi mwaka huohuo wakazima kifaa kingine tena cha Voyager 2. Chombo kilicho zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka nyumbani kinaongozwa kwa hesabu za taa moja moja.

Vyombo hivyo vimebeba sahani ya dhahabu yenye salamu za lugha 55 za binadamu. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kiarabu kimo, na hata Kisumeri kilichokufa maelfu ya miaka iliyopita kimo. Kiswahili hakimo. Ni jambo dogo, na halimnyimi mtu chakula. Lakini linafanana na mengine yote katika habari hii: wakati wengine wanatoa salamu, wenye Kiswahili hawakuwepo.

Baada ya 1964, falsafa iligeuzwa juu chini. Badala ya kaa kutawanyika ajali ikitokea, sasa likaamriwa lisitawanyike kwa hali yoyote. Hapo kazi ikahamia kwenye chungu. Kwenye mitambo iliyokuja kutumika miaka ya karibuni, plutoni hufanywa kuwa oksidi ngumu kama kauri, ambayo ikivunjika hutoa vipande kuliko vumbi. Kila tonge lina uzito wa gramu 150 hivi, kipenyo na urefu wake havifiki sentimita 3, na joto lake likiwa jipya ni wati 62.5. Tonge hilo huvikwa ganda la iridi, metali isiyoyeyuka mpaka nyuzi 2,446. Juu ya iridi huja makasha ya grafiti na nyuzi za kaboni, yaliyosokotwa ili kustahimili moto wa kurudi angahewani na kishindo cha kugonga ardhi.

Jaribio la hali halisi la falsafa hiyo mpya halikuchelewa. Mei 1968, setilaiti ya hali ya hewa ya Nimbus ilianguka baharini karibu na California baada ya roketi yake kuharibiwa kwa makusudi ilipopotea njia. Wazamiaji walizipata jenereta zake miezi kadhaa baadaye zikiwa nzima, na mafuta yakatumika tena kwenye setilaiti iliyofuata. Aprili 1970 ikaja Apollo 13. Wanaanga watatu waliokoka, lakini jenereta iliyokusudiwa kuachwa mwezini ilirudi nayo, ikiwa na karibu kilo 4 za plutoni, na ikazama kwenye kina kirefu cha bahari karibu na Tonga. Vipimo vya hewa na maji vilivyochukuliwa baadaye havikuonyesha mvujo.

Hayo ni mafanikio ya kweli, na mwandishi yeyote anayepiga kelele dhidi ya nyuklia angani bila kuyataja hamtendei msomaji haki. Mwaka 1997 waandamanaji walijaa Florida kupinga chombo cha Cassini kilichobeba karibu kilo 33 za plutoni. Cassini kiliruka salama, kikaizunguka Zohali miaka kumi na mitatu, kikaonyesha maji yakifoka kutoka kwenye mwezi wake mdogo uitwao Enceladus, na kikajimaliza ndani ya sayari hiyo tarehe 15 Septemba 2017. Bila plutoni, elimu hiyo isingekuwepo. Tatizo basi haliko kwenye kutumika kwa kaa hili. Liko kwenye nani anaarifiwa, nani anaulizwa, na nani ananufaika na vifaa vyake.

Tukio la kukumbusha hilo halina umri mrefu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni mabaki ya roketi. Hakuna aliyeumia. Pete ile haikuwa na uhusiano na jenereta za plutoni, ila iliwaonyesha wanakijiji, kwa kishindo, kwamba anga la juu lina mlango unaofungukia mashambani kwao.

Sheria ipo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 wa fidia kwa madhara ya vyombo vya anga uliwezesha Kanada kudai malipo pale setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, ilipotawanya urani ya kinu chake kaskazini mwa nchi hiyo Januari 1978. Kanada ilidai dola milioni 6 za nchi hiyo na ikalipwa milioni 3. Mwaka 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha kanuni za kutumia nyuklia angani. Kanuni hizo zinataka tathmini ya usalama itangazwe hadharani kabla ya chombo kurushwa, na nchi zinazoweza kuangukiwa ziarifiwe mapema mambo yakiharibika. Hati hizo zinapatikana. Kinachokosekana ni mtu wa Nairobi, Dodoma au Kinshasa ambaye kazi yake ya kila siku ni kuzisoma na kuuliza maswali.

Upande wa pili wa habari ni uhaba. Plutoni-238 haichimbwi popote. Hutengenezwa kwa kuweka neptuni-237, ambayo ni zao la vinu vya urani, ndani ya kinu chenye nguvu kwa muda mrefu, kisha kuichuja kwa kemia ya hatari. Kwa hiyo wale wanaodhani urani ya Mkuju, wilayani Namtumbo, inaweza kugeuzwa kesho kuwa betri ya Mirihi wapunguze kasi. Kati ya jiwe na tonge kuna vinu, maabara na miongo ya utaalamu.

Marekani yenyewe iliwahi kuishiwa. Kinu cha Savannah River kilichokuwa kikiitengeneza kilisimama mwaka 1988. Kuanzia mwaka 1992 nchi hiyo ikanunua kutoka Urusi, yaani kwa hasimu wake wa jana, hadi mauzo hayo nayo yakakauka karibu na mwaka 2010. Mwishoni mwa 2015 maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ilionyesha kwa fahari gramu 50 za plutoni mpya, za kwanza baada ya karibu miaka 30. Gramu hamsini ni kiasi kidogo sana. Lengo lililowekwa ni kufika kilo 1.5 za oksidi yake kwa mwaka, na ndilo linalopima idadi ya safari zinazoweza kupangwa.

Ulaya haikuwa nayo kabisa, na ililipia. Chombo chake cha Rosetta kilitegemea paneli za sola. Kilipofika mbali kililazimika kulala usingizi wa miezi 31 kwa kukosa umeme, mpaka kilipoamshwa Januari 2014. Novemba mwaka huo kilishusha kitoto chake, Philae, juu ya nyota yenye mkia. Philae kiliruka kama mpira, kikaangukia kivulini mwa mwamba, na betri yake ikakata baada ya siku mbili na nusu hivi. Kijiti kidogo cha joto la mionzi kingeweza kubadili hadithi ile.

Waingereza wamejibu kwa kufukua takataka zao. Katika ghala za plutoni ya vinu vya umeme huko Sellafield hujikusanya ameriki-241, ambayo kiasi kidogo sana chake kimo kwenye aina fulani za ving'ora vya moshi majumbani. Joto lake kwa gramu ni kama moja ya tano ya plutoni-238, lakini inachukua miaka 432 kufifia nusu. Mwaka 2019 maabara ya taifa ya nyuklia ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Leicester waliwasha balbu ndogo kwa joto hilo. Taka ya jana ikawa mtaji, na somo hilo ndilo linalompeleka msomaji Lubumbashi.

Lakini kwanza, sola. Paneli nazo hazijakaa kimya. Chombo cha Juno kilifika Mshtarii Julai 2016 kikiendeshwa na mabawa matatu, kila moja likiwa na urefu wa mita 9, yenye jumla ya seli 18,698. Karibu na dunia mabawa hayo yaliweza kutoa kilowati 14. Huko Mshtarii yalitoa karibu wati 500. Europa Clipper, kilichoruka Oktoba 2024, kimetandaza mabawa ya zaidi ya mita 30 kutoka ncha hadi ncha kwa kazi ya eneo hilohilo. Seli za vyombo vya namna hii si za silikoni kama zile za paa la Dodoma. Ni tabaka tatu za vitu tofauti, kila tabaka likinasa rangi yake ya mwanga, na tabaka la chini, linalobeba mengine yote, ni bamba la gerimani.

Hapo jina lile limerudi. Anayechagua plutoni ameikuta gerimani kwenye themokapo. Anayechagua jua ameikuta kwenye bamba.

Gerimani haina migodi yake mahsusi. Hupatikana kama zao la pembeni la zinki, la makaa ya mawe, na la mabaki ya kuyeyushia metali, yale ambayo wahunzi wa Kiswahili huyaita mavi ya chuma. China ndiyo mzalishaji mkubwa. Agosti 2023 ilianza kudhibiti mauzo yake nje, na Desemba 2024 ikatangaza kuizuia isiuzwe Marekani, katazo ambalo Novemba 2025 lilisitishwa kwa muda. Viwanda vya Magharibi vikaanza kutafuta chanzo kingine.

Chanzo kimoja kimesimama katikati ya Lubumbashi, Kongo, tangu kabla ya wengi wa wakazi wake kuzaliwa. Ni mlima mweusi wa mavi ya shaba, uliorundikwa na tanuri ambalo kampuni ya Union Minière ililiwasha mwaka 1911. Watoto wa mji, wenye Kiswahili chao chenye ladha ya Katanga, wamekulia kivulini mwake. Ndani ya rundo hilo zimo kobalti, zinki, shaba iliyobaki, na gerimani. Mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines ya serikali, ilikubaliana na Umicore ya Ubelgiji kuchakata gerimani hiyo, na Oktoba mwaka huo Gécamines ikatangaza shehena ya kwanza. Umicore ni ya ukoo uleule wa Union Minière. Yaani babu alimwaga taka, sasa mjukuu amerudi kuzinunua, na mabamba ya sola ya angani ni moja ya kazi anazozijua vizuri.

Kilichosafirishwa ni makinikia, yaani madini yaliyokolezwa lakini hayajasafishwa. Neno hilo halihitaji kuelezwa kwa Mtanzania. Machi 2017 serikali ya Rais Magufuli ilizuia makontena 277 ya makinikia bandarini Dar es Salaam, na nchi nzima ikageuka darasa la madini kwa usiku mmoja. Ubishi ule ulikuwa na kelele na hesabu zilizopingwa, lakini uliacha swali zuri: kwa nini kitu kiondoke kabla mwenyewe hajajua kilichomo? Kati ya makinikia ya gerimani na bamba linalobandikwa kwenye bawa la chombo cha angani kuna hatua nyingi, na kila hatua huongeza thamani: kuisafisha, kuikuza kuwa fuwele moja, kuikata, kuing'arisha. Kongo haihitaji kuzishika zote kwa mkupuo. Inahitaji kushika inayofuata, na kuandika kwenye mkataba lini itashika nyingine.

Habari ya iridi inafanana na hiyo. Sehemu kubwa ya iridi ya dunia hutoka Afrika Kusini, ikichomolewa kutoka migodi ya platinamu. Hakuna ganda la tonge bila metali ya aina hiyo. Afrika Kusini angalau ina viwanda vya kuisafisha na vyuo vya kuifundisha, na ndiyo maana inapozungumza kuhusu platinamu husikilizwa.

Wapo watakaosema kwamba nchi zenye zahanati zisizo na umeme hazina haja ya kujadili umeme wa Zohali. Hoja hiyo ina uzito, lakini imesahau kwamba elimu ni ileile. Mhandisi anayejua kwa nini themokapo ya silikoni na gerimani inachakaa ndiye anayeweza kueleza kwa nini paneli za zahanati zinakufa kabla ya muda wake. Maabara inayopima gerimani kwenye mavi ya shaba inaweza kupima risasi kwenye maji ya kisima. Na ukanda huu si mgeni wa anga: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco kwenye bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani. Ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya.

Kinachopendekezwa hapa hakihitaji roketi. Vyuo vikuu vya Lubumbashi, Dar es Salaam na Nairobi vinaweza kuanzisha masomo ya pamoja ya sayansi ya vitu, yakianzia na madini yaliyo chini ya miguu yao. Mashirika ya anga na mamlaka za nguvu za atomiki za Afrika Mashariki yanaweza kuteua watu wachache wa kusoma tathmini za usalama za kila chombo cha nyuklia kinachorushwa, kuzifupisha kwa Kiswahili na kuzichapisha. Na wizara za madini zinaweza kuacha kuyaita mavi ya shaba taka kabla hazijayapima.

Safari inayofaa kuanzia ipo. Marekani imepanga kukirusha chombo kiitwacho Dragonfly mwezi Julai 2028 kwenda Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Ni helikopta yenye ukubwa wa gari dogo, itakayoruka katika baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, chini ya ukungu wa rangi ya chungwa ambamo sola haina kazi. Itabeba jenereta ya plutoni ya aina ileile ya Curiosity, yenye themokapo za risasi, teluri na gerimani na matonge yaliyovikwa iridi. Kabla ya siku hiyo kutakuwa na hati za usalama za kusomwa na muda wa kuuliza. Swali la kwanza kutoka pwani hii laweza kuwa lile ambalo halikuulizwa tarehe 21 Aprili 1964: roketi ikikosa kasi, mzigo wake utaangukia wapi?